Jina moja, matembe mengi: programu zinazokata tamaa mlango wa kwanza



Najua nimepotea. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila wa kwangu haukuwa na mshindo wowote, ni kazi tu. Gazeti lilinituma Tabora wiki 2 kuandika habari za tumbaku. Nimerudi na asali lita 3, vumbi kwenye begi, na aibu moja ambayo nimeamua kuimwaga hapa hadharani kwa sababu gazetini haikupata nafasi.

Aibu yenyewe ni hii. Niliandika habari isiyo ya kweli. Sikuitunga, la hasha. Ofisa mmoja wa taasisi kubwa aliniambia kwa simu, nikaandika, mhariri akaweka kichwa cha habari kinachosema mtandao mbovu umewakwamisha waombaji Tabora, gazeti likatoka. Siku 3 baadaye nikagundua kwamba mtandao wa Tabora haukuwa na kosa lolote. Tuliwasingizia watu wa mkoani, kama kawaida yetu.

Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa kwenye steshenari moja karibu na soko kuu, natuma picha za mabani ya tumbaku kwa dawati la picha Dar. Mnazijua steshenari zetu: fotokopi, pasipoti saizi, kuomba chuo, kuomba mkopo, kuomba kila kitu. Pembeni yangu walikaa mabinti 2, mtu na binamu yake, wamemaliza kidato cha 6. Walikuwa wanaomba nafasi za mafunzo, na mwisho wa kuomba ulikuwa saa 6 usiku siku hiyo hiyo. Maombi yalikuwa hayapokelewi popote ila kwenye programu ya simu ya taasisi husika.

Programu ikawa inazunguka, inazunguka, kisha inaandika: "Hakuna muunganisho. Angalia mtandao wako."

Mwenye duka akazima kifaa cha Wi-Fi akakiwasha. Akanunua bando jipya. Akasogeza meza karibu na dirisha. Hali ile ile. Cha ajabu, picha zangu zilikuwa zinakwenda Dar bila shida. Cha ajabu zaidi, simu ile ile ya binti, kwa Wi-Fi ile ile, ilifungua tovuti ya taasisi ile ile kupitia kivinjari, na picha ya mkurugenzi ikatokea anatabasamu. Mkurugenzi anaonekana, lakini programu yake inasema hakuna mtandao!

Nikapiga simu nikiwa mwandishi wa habari. Jibu: "Kwetu mfumo uko sawa kabisa, tatizo ni mtandao wa huko mikoani." Nikaandika.

Binamu mtu alitoka Sikonge, kilomita kama 70 kusini. Saa 9 alasiri alipanda basi la kurudi kwao, akijua kwamba mtandao umekataa na hakuna la kufanya. Mwenzake akabaki. Saa 5 na dakika 40 usiku alijaribu kwa simu ya dada yake, kwa laini ya dada yake, programu ikafunguka kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Maombi yalikwenda zikiwa zimebaki dakika 8. Aliyevumilia alipata. Aliyeamini alichoambiwa na simu alikosa.

Sasa mnisikilize. Nina rafiki niliyesoma naye Mlimani, mimi uandishi, yeye kompyuta. Jumatatu nilimhadithia kisa hiki kama kichekesho, yeye hakucheka. Aliniuliza jina la seva ambayo programu inaitumia, akaandika amri moja kwenye kompyuta yake, akanionyesha. Jina lile lilikuwa moja. Anwani zake zilikuwa 3.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni, nitajaribu kuyasema kama nilivyoelezwa. Kompyuta haziitani kwa majina. Zinaitana kwa namba, tunazoziita anwani za IP. Majina ni kwa ajili yetu binadamu, tusioweza kukariri namba. Zamani orodha ya majina yote na namba zake ilikuwa faili moja tu, ikitunzwa na Taasisi ya Utafiti ya Stanford (SRI) kule Marekani, na kila mtu akiinakili. Mtandao ulipokua faili likashindwa, ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa tunaoutumia mpaka leo. Unauliza jina, unajibiwa namba.

Ila hapo ndipo wengi wetu, pamoja na baadhi ya watengeneza programu, tunapokosea. Tunadhani jibu ni namba moja. Kumbe jibu ni orodha. Jina moja linaweza kuwa na anwani 2, 3, hata 8, na kuna sababu za maana. Seva moja ikilemewa, nyingine inasaidia. Moja ikifa, nyingine ipo. Tena kuna anwani za aina ya zamani, IPv4, ambazo kwa hesabu ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na hazina kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011, na kuna za aina mpya, IPv6, ambazo ni nyingi kiasi cha kutowahi kwisha. Jina moja mara nyingi linabeba aina zote 2 kwa pamoja.

Hapa ndipo Tabora iliponisaidia kuelewa, maana Jumapili nilikuwa nimekwenda Kwihara.

Kwihara ni nje kidogo ya mji, lipo tembe linaloitwa la Livingstone, sasa ni makumbusho. Ukisoma habari za misafara ya karne ya 19, utachanganyikiwa na majina. Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857 waliandika wamefika Kazeh. Stanley mwaka 1871 anaandika Unyanyembe, na Tabora, na Kwihara. Mtu anaweza kudhani ni miji 4 tofauti. La. Unyanyembe ilikuwa nchi, himaya ya mtemi, na ndani yake makazi ya wafanyabiashara yalikuwa yametawanyika: tembe hapa, tembe pale, Kazeh, Kwihara, Tabora. Mtu wa pwani akisema "mzigo unakwenda Unyanyembe" hakumaanisha mlango mmoja. Alimaanisha jina moja lenye milango mingi.

Sasa piga picha. Mpagazi ametoka Bagamoyo na mzigo kichwani. Miezi 3 njiani, kavuka Ugogo kwenye ukame, kalipishwa hongo kila mahali. Anafika Unyanyembe, anabisha tembe la kwanza, halijibu, mwenyewe kasafiri. Je, anageuza kurudi Bagamoyo kutangaza kwamba Unyanyembe haipo?

Huyo mpagazi angechekwa na watoto. Lakini ndivyo hasa ilivyofanya ile programu. Rafiki yangu aliiweka akaitazama inabisha wapi. Katika zile anwani 3, moja ilikuwa imekufa, haijibu. Programu ilichukua anwani ya kwanza kwenye orodha, basi. Kama ya kwanza ni nzima, umepona. Kama ya kwanza ndiyo mfu, inasubiri, kisha inakulaumu wewe: angalia mtandao wako.

Ndiyo maana ilionekana kama mambo ya bahati na sala. Seva za majina mara nyingi hugeuzageuza mpangilio wa orodha ili mzigo ugawanyike: sasa hivi wa kwanza ni huyu, baadaye ni yule. Kile kifaa cha steshenari kilikuwa kimehifadhi jibu lenye mfu mbele, na kikalirudia kwa kila mteja aliyeingia dukani. Laini ya dada ilipata orodha ile ile kwa mpangilio mwingine. Kivinjari nacho hakikusumbuka, kwa sababu vivinjari vina adabu: mlango huu haujibu, najaribu unaofuata. Na waombaji wa Dar je? Walikwama vile vile, ila mtu wa Dar akikwama ana simu ya pili, ana Wi-Fi ya ofisini, ana jirani. Anajaribu tena bila kujua amejaribu nini. Wa Sikonge ana basi la saa 9.

Ugonjwa huu si wa juzi. Nilielezwa kwamba katika lugha ya C kulikuwa na kazi ya zamani ya kutafuta jina iitwayo gethostbyname. Yenyewe ilirudisha orodha nzima. Lakini kulikuwa na njia ya mkato, jina fupi h_addr, ambalo maana yake ni "nipe ya kwanza tu". Vizazi vya wanafunzi wakajifunzia hapo. Baadaye ikaja kazi mpya, getaddrinfo, inayorudisha orodha yenye aina zote za anwani, na mwongozo wake una mfano unaoonyesha wazi: jaribu moja moja mpaka ipatikane inayoitikia. Watu wakachukua kazi mpya kwa tabia ya zamani. Gari jipya, dereva yule yule.

Halafu kuna suala la kusubiri. Wengine wanajaribu orodha nzima, ila hawajui kuacha. Linux ikiachiwa ilivyo, kubisha mlango usiojibu kabisa kunachukua kama dakika 2 kabla ya kukata tamaa. Dakika 2! Nani kati yenu anasubiri dakika 2 ukurasa ufunguke? Umeshafunga programu, umeshaizima simu, umeshawatukana watu wa mtandao.

Dawa ipo na ina miaka mingi. Mwaka 2012 wataalamu wa viwango vya intaneti walichapisha utaratibu unaofahamika kama Happy Eyeballs, wakauboresha mwaka 2017. Wazo ni jepesi mno. Bisha mlango wa kwanza. Usiposikia kitu ndani ya robo sekunde, usisimame hapo kama sanamu, bisha na wa pili huku ukiendelea kusikiliza wa kwanza. Atakayeitika mapema ndiye unayeingia kwake, wengine unawaaga. Ulibuniwa hasa kwa sababu ya IPv6, maana simu nyingi zilikuwa zinapewa anwani mpya ilhali njia ya kuifikia imeharibika, na mtumiaji anakaa kusubiri bure wakati ile ya zamani ipo pale pale na inafanya kazi.

Stanley mwenyewe, pamoja na mabaya yake yote (na ni mengi), somo hili alilipata Tabora kwa nguvu. Alifika kati ya mwaka 1871 akitaka kwenda Ujiji kwa njia ya kawaida ya magharibi. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu wa Unyanyembe, akafunga njia. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, wakapigwa wao. Agosti mwaka huo Mirambo akaingia mpaka Tabora yenyewe. Stanley angeweza kurudi pwani akaandike kwamba Ujiji haifikiki. Badala yake, Septemba alishika njia ya kusini, akazunguka mbali, akaikaribia Ujiji kwa upande mwingine, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameonana na Livingstone. Alimkabidhi na mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870. Barua zilichukua kama mwaka mzima kutoka Zanzibar, na sehemu ya muda huo zilikaa zimekwama Unyanyembe.

Wataalamu watanirukia hapa, kwa hiyo niseme mapema. Njia na anwani si kitu kimoja. Njia ikikatika, mitandao yenyewe inatafuta njia nyingine bila programu yako kujua. Mnakumbuka Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na Afrika Mashariki ikaingia gizani? Hilo lilikuwa tatizo la njia, na walioteseka zaidi ni waliokuwa hawana njia nyingine. Mtengeneza programu hawezi kufukia waya baharini, simlaumu kwa hilo. Lakini anwani ni tembe. Tembe likifungwa, hakuna barabara itakayolifungua. Hapo wa kuamua kubisha kwingine ni programu yenyewe, hakuna wa kumsaidia.

Kuna wanaosema: "Bwana mdogo, mambo haya siku hizi yanafanywa na maktaba za programu, hakuna anayeandika kwa mkono." Kweli kwa sehemu. Ukitumia Go, au create_connection ya Python, orodha inapitiwa kwa niaba yako. Lakini nyingine zinapitia bila kikomo cha muda usipoziwekea. Na wapo wanaoliuliza jina wenyewe, wanachukua namba ya kwanza, wanaihifadhi, na kuitumia mwaka mzima hata mwenye seva akihama. Ukichukua namba ukalitupa jina, umetupa na msaada wote uliokuja nalo.

Wapo pia wanaosema tuwe na anwani moja tu, tumalize ubishi. Haya. Siku hiyo moja ikifa, hata dada mwenye laini ya bahati hatakuwepo.

Mimi si mtaalamu, ila naona madai haya hayahitaji shahada ya kompyuta.

Kwanza, programu ya umma isome orodha nzima na iwe na kikomo cha kusubiri kinachomfaa binadamu.

Pili, mwenye seva akiona anwani imekufa aiondoe kwenye orodha. Jumatatu, siku 3 baada ya maombi kufungwa, ile anwani mfu ilikuwa bado inatangazwa dunia nzima kwamba ipo. Na kuweka anwani 2 kwenye chumba kimoja, zinazotegemea umeme mmoja na waya mmoja, ni kujenga matembe 2 yenye mlango mmoja.

Tatu, tuwe waangalifu na haraka. Kujaribu anwani nyingine ni sahihi wakati wa kubisha hodi. Ukishaingia ukakabidhi mzigo, ukakatika kabla ya kupewa risiti, usikimbilie tembe la pili kukabidhi tena. Kama ni malipo, mtu atakatwa mara 2. Hapo lazima kuwe na namba ya kumbukumbu ya kuulizia kwanza: je, ulipokea?

Nne, na hili ndilo linaloniuma zaidi, programu ziache kusema uongo. "Angalia mtandao wako" ni hukumu. Inamwambia binti wa Sikonge kwamba kosa ni lake, ni la kwao, ni la mkoa wao. Sentensi ya kweli ingekuwa: "Seva yetu moja haijajibu, tunajaribu nyingine." Hata kama nyingine ingekuwa nayo imekufa, angejua wa kumwuliza ni nani. Angepiga simu taasisi badala ya kupanda basi.

Maana wadau, Tabora haijawahi kuwa pembezoni. Ilikuwa njia panda kabla ya Dar es Salaam kuwa mji. Misafara ya Ujiji, ya Karagwe na Buganda, ya kusini kuelekea Katanga, yote iligawanyikia pale. Reli kutoka Dar ilifika 1912, ikaendelea Kigoma, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika, makutano yakiwa pale pale Tabora. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika. Kama kuna watu katika nchi hii wanaoelewa kwamba njia moja ikifungwa unashika nyingine, ni Wanyamwezi. Babu zao walikuwa wakiamua hivyo na mizigo kichwani. Leo tunawaletea programu isiyoweza kuamua jambo dogo kama hilo, halafu tunawaambia wao ndio tatizo.

Nami nilichangia kuwaambia. Nilipompelekea mhariri masahihisho alisema habari imeshapoa, na kwamba wasomaji hawataelewa mambo ya anwani. Ofisa aliyenijibu nimempigia mara 2, hapokei. Yule wa Sikonge nilizungumza naye juzi. Anangoja awamu ijayo, yuko shambani na mama yake. Nilimweleza kwamba siku ile mtandao haukuwa mbovu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwa hiyo kaka, ningesubiri?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ndiyo, ila hakupaswa kusubiri yeye. Ilipaswa kubisha mlango wa pili yenyewe.

Basi hayo ndiyo masahihisho yangu. Tabora, samahani.

Naomba kuwasilisha.